Espreso ya leva inakusumbua? Anza na mkono, alafu ulimi

Hizi mashine za leva, zile unazovuta mwenyewe bila pampu, zina uzuri mmoja ambao mashine ya kubonyeza kitufe haina. Matatizo mengi unayasikia mkononi kabla hayajafika kwenye kikombe. Ndo maana shoti, yaani kikombe kimoja cha espreso, ikitoka mbaya usikimbilie kuonja tu, kumbuka kwanza leva, ule mkono wa mashine, ilikuwaje wakati unaishusha, ilikuwa nyepesi, ilikuwa nzito, au ilianza nzito ikalegea ghafla katikati, alafu ndo uonje. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, mkono na ulimi, ugonjwa karibu wote unajulikana. Ukitegemea ulimi peke yake utazunguka wiki nzima unabadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida.

Nitaongelea zaidi La Pavoni Europiccola kwasababu ndo naijua vizuri. Ni mashine ya Milan, ipo sokoni tangu 1961 na haijabadilika sana, kwaiyo hata ukipata ya mtumba bado vipuri vyake vipo. Zile zisizo na boila (tangi la kuchemshia maji) kama Flair na Robot nitazigusa tukifika kwenye joto maana hapo ndo njia zinaachana.

Kabla ya chochote uwe na sehemu moja ya kuanzia, na uirudie ile ile kila siku. Kahawa gramu 14, kikombe kitoke na gramu 28 hivi, leva ikiwa juu usubiri sekunde 8 mpaka 10 matone ya kwanza yaonekane, alafu ushushe taratibu kwa sekunde 20 mpaka 25. Mizani ndogo ya kusoma sehemu ya gramu ni lazima, kijiko hakifai kabisa, maana gramu moja tu kwenye basketi ndogo ya milimita 51, kile kikapu cha chuma kinachoshika kahawa, inabadilisha kila kitu. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibana saga (yaani ukisaga laini zaidi), ukaongeza kahawa na ukabadilisha joto kwa mkupuo mmoja, hata shoti ikitoka tamu hutajua ni kipi kilichosaidia.

Leva inashuka kirahisi, kahawa inamwagika

Hapa hamna upinzani, unashusha sekunde 8 kikombe kimejaa, rangi imepauka, na ukionja ni chachu na nyepesi kama imechujwa mara ya pili. Mara nyingi ni saga. Kahawa ni chenga kubwa, maji yanapita bila kubeba kitu. Saga laini zaidi, kidogo kidogo, na kila ukibadilisha uitoe ile iliyobaki ndani ya grainda kwanza maana gramu moja mbili za saga ya zamani zinakudanganya kwenye shoti inayofuata.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, kama unasagia kwenye blenda au ile mashine ndogo yenye kisu kinachozunguka, hakuna utatuzi utakaokusaidia. Kisu kinakata hovyo, unapata vumbi na mabonge humo humo, leo leva itakuwa nyepesi kesho itagoma na hujagusa kitu. Grainda ya mkono yenye meno ya chuma, inayoweza kubadilishwa kwa hatua ndogo, ni bora mara mia kuliko mashine ghali yenye saga mbovu. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningeanza na grainda.

Na kahawa ya paketi iliyokwisha sagwa dukani nayo ni hivyo hivyo, ile imesagwa kwa ajili ya birika au chujio, leva itateleza tu. Unga wa kahawa chungu ya mtaani ni laini ndio, ila kwa kawaida umeshakaa wazi muda mrefu na hewa yake imeisha, utapata uzito wa leva bila utamu.

Kama saga ni laini na bado leva ni nyepesi, angalia umri wa buni iliyokaangwa. Kahawa ikikaa sana baada ya kukaangwa inapoteza gesi, inapitisha maji haraka na krema, lile povu la kahawia la juu, inakuwa utando mwembamba unaopotea. Pwani ambako unyevu ni mwingi inaharibika upesi zaidi, kwaiyo nunua kidogo kidogo, weka kwenye chombo kinachobana, na uulize tarehe ya kukaanga, sio tarehe ya kuisha muda. Ila isiwe mpya mno pia. Iliyokaangwa jana ina gesi nyingi, krema inafura kama povu la sabuni, mtiririko unakatika katika. Ipe wiki moja mpaka mbili ndo inatulia.

Kuna wepesi mwingine ambao sio wa saga. Leva inakuwa kama ina sponji, inashuka nusu bila kufanya kitu alafu ndo inapata nguvu. Hiyo ni hewa imebaki kwenye chemba chini ya pistoni, maji hayakujaa. Ukipandisha leva mpaka juu iache pale, usiwe na haraka, maji yanaingia yakisukumwa na mvuke wa boila na yanahitaji hizo sekunde kadhaa. Wengine wanafanya kamchezo ka kushusha leva kidogo sana na kuirudisha juu mara moja ili chemba ijae, inasaidia, ila ifanye mwanzoni tu na kwa upole, nitakwambia kwanini hapo chini.

Leva imegoma

Unalalia mashine mpaka meza inasogea na yanadondoka matone meusi tu. Kabla hujaongeza nguvu acha. Sio mashindano ya misuli. Basketi ya milimita 51 ina uso wa sentimita za mraba 20 hivi, kwa presha ya bari 9 maana yake kahawa inabeba karibu kilo 180, leva ndo inakurahisishia wewe usizisikie zote. Ukining'inia na uzito wako wote unapita huko mbali, unachosha sili (mipira ya kuzuia maji) na pini za leva, na kikombe kinatoka kichungu vilevile.

Legeza saga hatua moja. Kama umeongeza kahawa ukidhani itakuwa nzito zaidi, ipunguze, angalia kama kahawa haigusi chujio la juu ukishafunga potafilta, ule mpini unaobeba basketi. Kama inagusa, ikinyonya maji inavimba na haina pa kwenda. Na usijibane na namba 9, leva nyingi zinatoa kikombe kizuri sana kwa bari 6 au 7, hasa kahawa iliyokaangwa kidogo, na ni kawaida kabisa kuanza na nguvu alafu ukalegeza taratibu kuelekea mwisho.

Kama unataka kujua unabana kwa nguvu gani bila geji (saa ya presha), weka mashine nzima juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu, soma uzito wake ikiwa imetulia, alafu soma tena wakati unashusha leva. Tofauti ndo nguvu yako. Namba yenyewe sio muhimu sana, muhimu ni irudi ile ile kila asubuhi.

Ilianza nzito, ikalegea ghafla

Hii ndo inayosumbua watu kuliko zote maana kikombe kinakuwa kichachu na kichungu kwa pamoja, na juu yake kuna ukakasi ule wa ndizi mbichi unaokausha ulimi. Mtu anachanganyikiwa asage laini au asage chenga. Hapana, saga inaweza kuwa sawa kabisa. Maji yamepata upenyo. Sehemu moja ya kahawa imepitiwa na maji yote imechujwa mpaka imeisha, sehemu nyingine imebaki karibu kavu. Ukigonga machicha (kahawa iliyokwisha tumika) nje uyaangalie, utaona kitobo, au ufa, au upande mmoja umepauka.

Sababu zipo kadhaa na zote zinaanzia kwenye kupanga kahawa. Mabonge, hayo yavunje kwa kukoroga na sindano nyembamba, chomeka sindano tatu nne kwenye kizibo cha chupa uwe na kifaa chako, kijiti cha meno ni kinene mno kinachimba mashimo badala ya kuyaondoa. Koroga mpaka chini, sio juu juu. Kisha tampa, kile kifaa cha kukandamiza kahawa kwenye basketi, na hapa watu wanahangaika sana na nguvu ya kubana wakati kinachotakiwa ni usawa, ibane tu mpaka iache kushuka, ila isiinamie upande. Tampa ya plastiki inayokuja na mashine nyingi ni ndogo kuliko basketi, inaacha pete ya kahawa isiyobanwa ukingoni na maji yanajua kuitafuta hiyo pete. Tafuta ya chuma inayojaa.

Alafu kuna sababu moja ya leva yenyewe ambayo kwenye mashine za pampu haipo. Ukifunga potafilta wakati leva ipo chini kabisa alafu ukaipandisha, pistoni inavuta hewa kupitia kwenye kahawa kavu kutoka chini kwenda juu, inaweza kuinyanyua na kuipasua kabla maji hayajaingia. Dawa yake, pandisha leva kidogo kwanza mpaka karibu na pale maji yanapoanza kuingia lakini yasiingie, ndo ufunge potafilta, ndo umalizie kuipandisha polepole. Na hii ndo sababu ule mvuto wa pili, wa kurudisha leva juu katikati ya shoti ili upate kahawa nyingi zaidi, huwa unaharibu, kahawa imeshalowa na kubanwa, ukiivuta juu inapasuka na maji ya pili yanapita kwenye ufa.

Mtiririko uko sawa ila ni chachu

Zingatia hii tofauti maana ndo inaokoa muda. Chachu na leva ilikuwa nyepesi, ni saga. Chachu lakini leva ilikuwa na uzito mzuri, muda ulikuwa mzuri, machicha hayana ufa, hilo ni joto. Usiguse grainda.

Kwenye La Pavoni joto dogo mara nyingi ni shoti ya kwanza ya asubuhi. Ukiwasha mashine ya baridi kuna hewa imefungiwa juu ya maji ndani ya boila, hewa hiyo ikipata moto inaleta presha ya uongo, La Pavoni Professional, ile yenye geji, itakuonyesha namba nzuri na swichi ya presha itazima wakati maji hayajafika. Fungua kidogo bomba la mvuke, acha hewa itoke mpaka uone mvuke wa kweli, funga, subiri ipande tena. Na ipashe grupu, ile sehemu ya chuma yenye pistoni unapofunga potafilta, funga potafilta tupu na upitishe maji kidogo kabla. Chuma kile kikubwa kikiwa baridi kinanyonya joto lote la maji.

Umeme nao. Kama kwako umeme unashuka jioni, fahamu nguvu ya hita inashuka haraka kuliko volti zenyewe, volti 180 badala ya 230 inakupa asilimia 60 tu ya moto. Mashine sio mbovu, ipe muda zaidi, na usiguse bomba la mvuke mpaka ipande yenyewe.

Sasa wenye Flair, Robot na nyingine za kumimina maji ya birika. Kwenu suala kubwa ni mwinuko wa mahali unapoishi, na hili sioni likisemwa vya kutosha kwetu huku wakati ndo linatuhusu hasa. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Dar, Zanzibar, Mombasa maji yanachemka nyuzi 100, unaweza hata kusubiri kidogo kabla ya kumimina. Arusha yanachemka kwenye 95 hivi. Nairobi na Mbeya ni kama 94, na huwezi kuyapandisha zaidi kwenye birika la kawaida hata uyachemshe saa nzima. Espreso inataka maji yaguse kahawa kati ya nyuzi 90 na 96, kwaiyo mtu wa Nairobi anaanza na 94, anamimina kwenye silinda ya baridi, yanafika kwenye kahawa yakiwa 85 au chini, alafu anashangaa mbona chachu. Wewe wa mlimani usisubiri hata sekunde, mimina yakiwa bado yanachemka, na silinda ipashwe sana, iweke juu ya mdomo wa birika wakati maji yanachemka ivute mvuke. Saga laini kidogo zaidi na acha kikombe kifike gramu 35 mpaka 38 kwa kahawa gramu 15. Au chagua kahawa iliyokaangwa zaidi, haidai joto kubwa.

Mwenye boila anaathirika kidogo tu. Boila imefungwa, geji inasoma bari 0.8 Dar ndani ni nyuzi kama 117, ikisoma 0.8 Nairobi ni kama 114, tofauti ya tatu tu, unaimaliza kwa kupasha grupu vizuri.

Na mwisho wa suala la uchachu, ijue kahawa yako. Aina za SL28 na SL34 za Kenya, hizi zilizochaguliwa Scott Laboratories miaka ya 1930, uchachu wake ndo sifa yake, na AA (daraja la punje kubwa) iliyokaangwa kidogo haitawahi kuwa kama espreso ya Italia hata ufanyeje. Ule ni uchachu mtamu, unaacha mate mdomoni, sio ule mkali unaokunja uso. Kama huupendi usiendelee kuhangaika na mashine, badilisha kahawa, chukua ya Kilimanjaro au Mbinga iliyokaangwa wastani, au changanya na robusta ya Kagera iliyochambuliwa vizuri. Robusta sehemu moja kwa arabika nne inaongeza krema na uzito wa kikombe bila kufunika ladha, watu wanaidharau bure. Kafeini yake tu ndo karibu mara mbili, ukumbuke hilo jioni.

Kikombe cha kwanza kitamu, cha tatu kimeungua

Hii ni tabia ya Europiccola, sio kasoro ya mashine yako peke yako. Grupu imeshikana moja kwa moja na boila kwaiyo kila dakika inayopita inazidi kupata moto, na kila shoti inaongeza. Ikifika cha tatu au cha nne kahawa inatoka na harufu ya kuungua, chungu, krema ya kahawia iliyokolea yenye madoa, wakati mwingine mvuke unatangulia kabla ya kahawa. Mkono utakwambia uzito ulikuwa wa kawaida. Tena hapa usiguse grainda. Chungu na leva nzito ni saga laini mno, chungu na leva ya kawaida ni moto.

Zungushia grupu kitambaa kilicholowa maji baridi nusu dakika, au chovya potafilta kwenye maji baridi uifute na uifunge ikanyonye moto. Bandika stika ya kupimia joto kwenye grupu, wengi wanaanza shoti ikiwa kati ya nyuzi 75 na 85. Kama wageni ni wengi, tengeneza mbili, zima, pumzika, endelea. Na usiiache ikiwaka asubuhi nzima ukisubiri mtu aamke.

Kahawa inatoka kidogo

Gramu 20 na leva imefika chini. Chemba ya pistoni haina maji mengi, mvuto mmoja unatoa gramu 25 mpaka 30 ukiwa umejaza vizuri, na kahawa kavu inakunywa maji karibu ya uzito wake yenyewe. Kwaiyo ama hukusubiri chemba ijae, ama umeweka kahawa nyingi. Rudi 13 au 14. Anayetaka kikombe kikubwa aongeze maji ya moto juu, asivute mara mbili.

Machicha yanaruka ukitoa potafilta

Presha imebaki juu ya kahawa. Hii ni hatari kweli, yanaunguza mkono na uso. Ukimaliza kushusha, acha sekunde 20 au 30, alafu zungusha potafilta kidogo tu mpaka usikie inapumua, simama hapo, ikinyamaza ndo utoe. Na kwa usalama huo huo, kifuniko cha boila kisifunguliwe kamwe ikiwa na moto hata kama maji yameisha, zima, toa mvuke wote kwa bomba, ipoe, ndo ufungue. Wenye leva za springi, zile za mtindo wa Gaggia wa 1948 unazishusha zinapanda zenyewe, msiachie leva ikiwa hamna kahawa au kahawa ni chenga sana, inarudi juu kwa nguvu ya kuvunja taya.

Inavuja

Angalia inavujia wapi. Pembeni ya potafilta ukivuta, ni gasketi ya grupu, au punje za kahawa zimebaki ukingoni, futa kwanza kabla hujanunua. Inadondoka kwenye chujio wakati leva ipo chini imetulia, ni sili ya chini ya pistoni. Maji yanatokea juu kwenye fimbo ya pistoni, ni sili ya juu. Kama leva imeanza kukwaruza au kulia, huenda sili bado nzima ila zimekauka, zipake grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula. Usipake vaselini wala grisi ya gari, vinalainisha mpira ukaharibika.

Kama hita imeanza kuchelewa na bomba la mvuke linapuliza kinyonge, ni chokaa ya maji iliyoganda ndani. Maji ya kisima yenye chumvi yanafanya hivyo haraka sana. Asidi ya sitriki gramu 15 au 20 kwa lita ya maji, pasha, acha nusu saa, mwaga ikipoa, suuza mara tatu. Ndimu sipendekezi, inaacha nyuzi na sukari ndani. Baada ya hapo tumia maji laini, ya mvua yakichanganywa nusu kwa nusu na ya chupa yanatoa ladha nzuri, ya mvua peke yake kahawa inapooza.

Na kabla hujaagiza sili za La Pavoni pima basketi yako. Za zamani mpaka karibu mwaka 2000 ni milimita 49, za baada ya hapo ni 51, na sili za grupu moja hazikai kwenye nyingine.